Taarifa Iliyolazwa

Jumanne, 4 Agosti

Mpwa wangu mpenzi,

Nimekuficha jambo kwa miaka kumi na minne. Siku kituo cha mabasi kilipolipuliwa na mama yako akafa, sikuwa likizo kama nilivyokuambia. Nilikuwa ofisini, mezani kwangu. Na ile taarifa aliyoisoma Waziri jioni ile, kwamba watuhumiwa wawili wametiwa mbaroni saa chache tu baada ya mlipuko, niliiandika mimi. Hata yale maneno "kwa kasi ya radi", ambayo uliyachukia mpaka ukazima televisheni, niliyatunga mimi, na siku hiyo niliyaona mazuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako siiamini. Mtu anayemtetea mshtakiwa wa ugaidi katikati ya kampeni hana simu yake peke yake. Yangu nayo siiamini, maana walionijua bado wako kazini. Barua hii ataipeleka muuguzi wangu kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, ndani ya bahasha ya hospitali. Nawe jibu kwa njia hiyo, kwa jina lake.

Jana nilikuona kwenye taarifa ya habari, umesimama kwenye ngazi za mahakama na faili kifuani. Umekonda. Kisha wakarudia picha ya Ijumaa, yule kijana msemaji wa wizara, anayekalia kiti changu, akisema huyo fundi friji wako "alikamatwa usiku wa kuamkia leo". Na siku hiyo hiyo chama tawala kilikuwa kinazindua kampeni zake. Nikacheka hadi kikohozi kikanibana, muuguzi akaja mbio.

"Mzee, unacheka nini na mapafu yenyewe ndiyo hayo?"

"Naicheka kazi yangu," nikamwambia. "Naona wameiharibu."

Daktari hataji tena miezi. Siku hizi anasema "tuone". Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniulize, maana nikiachwa niseme mwenyewe nitachagua yaliyo mepesi.

Mjomba wako


Jumapili, 9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye maegesho ya mahakama, kisha nikaingia kwenye shauri la talaka nikiwa sielewi nani anamwacha nani.

Jioni ile ulikuja nyumbani na begi la safari. Ulisema ulisikia habari ukiwa njiani ukageuza gari. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mimi ndiye niliyelibeba begi lako kuliingiza ndani. Tangu nipate barua yako nakumbuka jinsi lilivyokuwa jepesi. Mle ndani mlikuwa na nini, Mjomba?

Ulinisomesha. Uliniambia ukinipeleka chuo utakuwa umemtendea dada yako haki. Na ulijua kwa nini nilichagua sheria: sikuwahi kuamini kwamba wale wawili ndio waliomuua mama. Nani anakimbizwa na polisi mji mzima, halafu jioni anaonyeshwa amenyolewa safi, amevaa shati lililopigwa pasi? Nimekuambia hayo mezani kwako mara ngapi? Nawe unaniongezea chai tu, "kunywa, mwanangu, itapoa".

Haya, nakuuliza. Wale wawili mliwatoa wapi? Mmoja amefia gerezani. Mwingine bado yumo, na kila mwaka najiambia nikipata nguvu nitamwombea mapitio ya hukumu.

Sasa fundi. Mkewe, mama wa mapacha, anasema mumewe alichukuliwa karibu wiki tatu kabla ya kutangazwa. Alitoka asubuhi kwenda kutengeneza friji la bucha, hakurudi. Mama huyu alizunguka vituo vyote vya polisi, wakawa wanamwambia mumeo kapata mwanamke mwingine. "Nikawaambia, huyu mume wangu mimi? Anayekuja kitandani ananuka gesi ya friji? Huyo mwanamke hana pua?" Kisha anamwona kwenye televisheni, eti kakamatwa usiku huo, yuko nyuma ya meza iliyopangwa mitungi ya gesi, koili za waya na simu mbovu. Vitu vya kazi yake. Na ana ndevu, Mjomba. Mwanamume anayenyoa kila asubuhi kwa sababu mapacha wanalia akiwabusu na ndevu, ameziotesha zote hizo katika usiku mmoja.

Nilimwambia hivyo wakili wa serikali. Sisi tunamwita Bwana Tai, kwa zile tai zake za hariri. Akanijibu kwenye korido, mbele za watu, "Wakili msomi, ndevu si ushahidi. Hata mimi huwa zinaniota nikisoma hoja zako." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Kisha nikajifungia chooni.

Tarehe mbili Septemba hakimu atasikiliza ombi langu la kutaka fundi aachiwe. Wanachokitegemea ni maelezo ya kukiri, ambayo wanadai fundi aliyatoa kwa hiari asubuhi baada ya kukamatwa. Nikionyesha kwamba wizara ina mazoea ya kumshika mtu, kumficha, na kumtangaza siku inayowafaa wanasiasa, tarehe yao inaanguka, na maelezo hayo yanaanguka nayo. Wanabaki na mitungi. Nikishindwa, fundi anakaa mahabusu hadi kesi iishe, na kesi za namna hii haziishi. Mapacha watamjulia baba yao kwenye picha.

Nahitaji mtu aliyekuwa ndani ya wizara. Utasaini hati ya kiapo?

Mpwa wako


Alhamisi, 13 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nitasaini. Naliweka hilo mbele ili upate usingizi.

Begi lilikuwa tupu. Nililinunua siku hiyo hiyo, nikiwa njiani kuja kwenu.

Sasa sikiliza jinsi tulivyofanya kazi, maana ndicho utakachokihitaji. Kitengo chetu cha habari kilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha likitazama maegesho ya magari ya wakubwa, kwa hiyo tulijua nani kaja na nani kanuna. Watu wa upelelezi walikuwa ghorofa ya juu yetu. Wakimkamata mtu wa kesi nzito, kesho yake walinishushia maelezo, nami niliandika taarifa nzima kwa waandishi, tayari kusomwa, isipokuwa mahali pa tarehe niliacha wazi. Tukasema taarifa imelazwa. Siku ikifika, "tunaiamsha".

Mwanzoni kulikuwa na sababu moja, na ilikuwa ya haki: ukimtangaza mtu mapema, wenzake wanakimbia. Sijui sababu ya pili iliingia lini. Iliingia polepole kama unyevu ukutani, huoni kitu mpaka rangi inabanduka. Ninachokumbuka ni Waziri kuchungulia mlangoni kwetu, mikono mifukoni, akauliza kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumbani na njaa, "Jamani, leo tuna nini kimelala?" Tukacheka. Baada ya hapo, kila uchaguzi ulipokaribia, katibu wake aliniletea nakala ya ratiba ya mikutano ya kampeni. Hakuna aliyeniambia niilinganishe na taarifa zilizolala. Nilikuwa nimesoma vya kutosha, sikuhitaji kuambiwa.

Kuhusu ndevu. Tulikuwa na kinyozi. Mtu aliyekaa ndani wiki mbili alinyolewa, akaogeshwa, akapewa shati, ndipo akaletwa mbele ya kamera kama aliyekamatwa jana. Wazo hilo lilikuwa langu. Mwandishi mmoja mkongwe alikuwa ameniuliza, mbele ya wenzake, mtuhumiwa wetu alipata wapi muda wa kufuga ndevu. Nikaapa sitaulizwa tena swali hilo. Huyu kijana wa sasa hajui habari ya kinyozi, au ameona uvivu kumwita. Uvivu wake ndio bahati ya fundi wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Ndevu peke yake watazicheka, kama walivyokwisha kuzicheka. Mtafute mwenye bucha. Friji lake lilikuwa bovu na fundi hakumaliza kazi, maana yake nyama iliharibika. Mtu aliyetupa ng'ombe mzima hasahau ilikuwa siku gani. Halafu omba mahakama iagize ile picha ya televisheni yote, ile isiyokatwa. Wapiga picha huanza kurekodi mapema, wakati vitu bado vinapangwa mezani. Mara nyingi utamsikia mtu anasema, "huo mtungi usogeze mbele".

Umeuliza tuliwatoa wapi wale wawili. Na wao taarifa yao ililazwa. Walikuwa mikononi mwetu zaidi ya wiki kabla ya mlipuko. Yale ya saa chache hayakuwa kweli.

Nimechoka. Muuguzi ananinyang'anya kalamu.

Mjomba wako


Jumanne, 18 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ubarikiwe. Mwenye bucha amepatikana! Mnene, mkali, ana kisu mkononi muda wote anapozungumza. Nilipomtajia fundi akaruka: "Huyo mwambie ananidai salamu! Kanifungulia friji, kalitandaza sakafuni kama kuku, kasema anafuata kifaa, hadi leo!" Nikamwambia alikokwenda. Akafuta kisu kwenye aproni, akaniuliza kama mapacha wanakula nyama. Siku anaikumbuka, kwa sababu siku hiyo alikuwa amepokea oda ya harusi. Atakuja mahakamani.

Lakini sicho kinachonikosesha usingizi. Walikuwa ndani, Mjomba! Zaidi ya wiki! Mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha wizara hawezi kutega bomu kwenye kituo cha mabasi. Miaka yote hii nimekuwa nikisema hawakuhusika, na watu wananitazama kwa huruma, maskini, uchungu wa mama. Sasa ninalo. Nimeandika aya ya kumi na mbili ya hoja zangu: kwamba wizara hii iliwahi kuwabambikia watu wawili wasio na hatia mauaji ya kituo cha mabasi ili Waziri ashinde uchaguzi, na sasa inafanya vivyo hivyo kwa fundi. Nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena.

Basi aliyemuua mama ni nani? Hata hilo nimelifikiria, kwamba labda hakukuwa na gaidi yeyote. Kwamba walikuwa na watu wa kuwatangaza, wakakosa tukio la kuwatangazia. Naogopa kuliandika. Wewe ulikuwa mle, niambie kama nimerukwa na akili.

Nimeorodhesha jina lako kati ya mashahidi. Jana Bwana Tai akanifuata hadi kwenye gari. Safari hii hakuwa na mzaha. Akaniuliza, "Mjomba wako amekuambia wale wawili walikutwa na nini?" Nikamwambia aulize kizimbani. Akasema, "Nitauliza. Nilitaka tu wewe uwe umeuliza kwanza." Alikuwa ananitisha? Na kwenye ofisi ya vifurushi kuna mtu amekuja kuuliza nani hutuma bahasha za hospitali kila wiki. Karani kamjibu, "Wagonjwa." Nampenda huyo karani.

Kamishna wa viapo atakuja kwako Alhamisi. Kula vizuri uwe na nguvu ya kusaini.

Mpwa wako akupendaye


Ijumaa, 21 Agosti

Dada Wakili,

Mimi ndiye muuguzi wa Mzee. Samahani kwa mwandiko. Nimezoea kuandika joto na mapigo ya moyo.

Mzee alizidiwa Jumatano baada ya kusoma barua yako. Tulimwekea oksijeni. Sasa ana nafuu, anagombana na mimi, kwa hiyo usiogope sana. Kamishna wa viapo alikuja jana. Mzee alisaini. Kabla ya kusaini alimwambia kamishna aongeze mstari. Kamishna akaandika. Mzee akausoma, akasema aukate. Akamwambia auandike tena. Mwisho kamishna akasema, "Mzee wangu, mimi nalipwa kwa hati, silipwi kwa mstari." Ukakatwa.

Ameniagiza nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Aya ya kumi na mbili iondoe. Usiniulize kwa nini. Iondoe."

Nilimwambia huyo ni wakili, lazima ataniuliza kwa nini. Akageukia ukutani.

Haya mengine ni yangu, hajaniagiza. Tangu Jumatano ameanza barua tatu na kuzichana zote. Jana aliniuliza kama mtoto anaweza kumzika mtu aliyemlea hata kama amemkasirikia. Nikamwambia watu huzika. Akauliza, na wanakuja kabla? Nikampima joto.

Muuguzi


Jumanne, 25 Agosti

Mzee,

Siiondoi aya yangu bila kuambiwa sababu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, nikiwa msichana, ukinisahihishia insha.

Nimekaa na barua zako zote mezani, nimezisoma kama ninavyosoma za upande wa pili. Uliponiambia walikuwa mikononi mwenu zaidi ya wiki, hukusema hawakuhusika. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuuliza mliwatoa wapi, ukanijibu taarifa yao ililazwa. Hilo silo nililouliza. Shahidi akinijibu hivyo mahakamani, namwomba hakimu amwagize ajibu swali.

Basi jibu swali. Walikutwa na nini?

Huenda unadhani unanilinda. Tazama kitakachotokea tarehe mbili. Nitasimama niseme wale wawili walibambikiwa. Bwana Tai atasimama atoe kitu, sijui kitu gani, lakini wewe unakijua na yeye anakijua, na mimi peke yangu nitakuwa kipofu mle ndani. Hoja zangu zitabomoka mbele ya hakimu. Kiapo chako kitaonekana cha mzee aliyechanganyikiwa anayemwandikia mpwa wake anayotaka kusikia. Na fundi atarudishwa mahabusu. Mkewe amewaambia mapacha baba anarudi baada ya tarehe mbili. Nilimkataza asiwaambie. Amewaambia.

Kama umebakiza pumzi ya barua moja, iandike hiyo. Ukiona ni nzito, usinitumie nyingine yoyote.

Wakili


Ijumaa, 28 Agosti

Mpwa wangu,

Walikutwa na baruti.

Ilikuwa nyumba ya kupanga, nyuma ya karakana ya magari. Madumu mawili yamejaa, nyaya, saa za kutegea, na mchoro wa kituo cha mabasi uliochorwa na mtu aliyekifahamu. Hakuna aliyewabambikia. Nilisoma maelezo yao siku ile ile, na mpelelezi aliyeyachukua alikuwa mtu safi, hakuwagusa. Walikuwa watatu. Wa tatu hakuwepo nyumbani polisi walipoingia. Alikuwa na dumu lake mahali pengine, na huyo ndiye aliyemuua mama yako, akajiua na yeye mle mle.

Kwa hiyo ulishuku zile saa chache, na ulikuwa na haki, zilikuwa za uongo. Ukashuku na watu, na hapo hukuwa na haki, watu walikuwa ndio wenyewe. Ningeweza kukusahihisha wakati wowote. Sikutaka. Muda wote uliokuwa ukiwatafutia wafungwa wale kutokuwa na hatia, ulikuwa huangalii ghorofa ya tatu.

Kazi ya tarehe mbili kwanza. Aya ya kumi na mbili ifute, uandike nyingine. Huna haja ya kusema wizara hubambikia. Sema wizara hudanganya siku, kwa mwenye hatia na kwa asiye nayo, na mimi ni shahidi wa hilo. Hapo Bwana Tai akitoa madumu ya wale wawili atakuwa anakusaidia: ndiyo, walikuwa na hatia, na bado tarehe ya kukamatwa kwao ilikuwa ya uongo, na aliyeitunga ameapa. Kama walidanganya siku walipokuwa na kesi ya kweli, hakimu atawaamini vipi kuhusu fundi mwenye mitungi? Kamishna alirudi jana. Safari hii niliongeza mistari yote na sikukata hata mmoja. Kikao nitakachokisimulia hapa chini kimo, pamoja na majina. Hati iko ndani ya bahasha hii.

Kikao chenyewe kilikuwa ofisini kwa Waziri, mwanzoni mwa wiki ile. Mpelelezi alisimama, alikataa kukaa.

"Mheshimiwa, huyu wa tatu yuko nje na hatujui amebeba nini. Tutoe picha yake leo. Tukifunge kituo."

"Nifunge kituo wiki ya kampeni?" Waziri akasema. "Watu wakalale njiani, waseme nimeshindwa kulinda hata basi?"

"Watasema, Mheshimiwa. Lakini watakuwa wazima."

Waziri akanigeukia. Alikuwa akiniita Mwalimu, kwa sababu ya maneno yangu makubwa. "Mwalimu, hii taarifa inafaa lini?"

Hakuniambia niseme nini. Ningeweza kusema leo. Ratiba ilikuwa mkononi mwangu, na Jumamosi alikuwa na mkutano mkubwa uwanjani. Nikasema, "Jumamosi asubuhi, Mheshimiwa. Hadi hapo wa tatu atakuwa amepatikana, tutakuwa na habari kamili. Tukiitoa leo tunatoa nusu, tena nusu ya kutisha."

Waziri akaafiki kwa kichwa, amefurahi. Mpelelezi alinisubiri kwenye korido. "Mwalimu," akasema, "wewe huna mtu wako anayepanda basi?"

Nikamwambia afanye kazi yake, na mimi niachwe nifanye yangu.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema nikiisafisha taarifa ya kesho yake. Simu ya kutoka juu, kwa wapelelezi, ikalia. Ilikuwa sauti ya mpelelezi, anahema. Mtu anayefanana na wa tatu ameonekana karibu na kituo. Alikuwa anakwenda yeye na vijana wake. Akaniomba nipeleke onyo redioni sasa hivi, nisingoje kibali cha mtu. Lilikuwa limeandikwa, ndani ya taarifa ile ile, aya ya mwisho: wananchi waepuke eneo la kituo. Redio ilikuwa simu moja tu. Nikampigia katibu wa Waziri. Akasema Mheshimiwa yuko bafuni, tusiharibu kesho kwa mtu "anayefanana". Nikasema sawa. Mpelelezi hakurudi. Alikufa na vijana wawili, hatua chache kutoka kwa mama yako, na baadaye, katika taarifa yangu, nilimwita shujaa.

Hayo yote yako kwenye kiapo. Linalofuata halimo, kwa sababu hakuna hakimu atakayeliuliza, na sikutaka ulisome kwa mara ya kwanza kwenye karatasi yenye muhuri.

Baada ya kuongea na katibu nilikaa na simu mbele yangu. Nikampigia mke wangu, mkaza mjomba wako. Alikuwa anajiandaa kwenda kituoni kupanda basi la kwenda kwa dada yake.

"Leo usitoke," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Usitoke, na usimwambie mtu."

Unamkumbuka alivyokuwa. Alifunga mlango, akakaa. Hakumwambia mtu siku ile, wala hakuniuliza kitu hadi tunarudi kutoka kumzika mama yako. Ndani ya gari akaniuliza, "Ulijua?" Nikamwambia endesha. Tuliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na swali hilo hakulirudia.

Nilipokata simu yake nilianza kupiga namba ya dukani kwa mama yako, pale lango la pili la kituo, alikoshona na kuuza sare za shule. Nilizijua tarakimu zile bila kuangalia. Nikapiga nusu. Nikamwona kabisa, dada yangu, kipimo cha kushonea shingoni, anaisikia habari, anaacha duka wazi. Hakuwa mtu wa kukaa na neno. Angepita kibanda kwa kibanda akiwapigia kelele madereva na abiria, angewatoa watoto kwenye mabasi kwa mikono yake, na kabla chai haijapoa redio zote zingekuwa zinauliza wizara inaficha nini, na Jumamosi yetu ingekwisha.

Nikarudisha mkonga wa simu mahali pake. Sikumpigia mama yako kwa sababu nilijua angewaambia watu watoke.

Mjomba wako